Injini imeundwa upya, inawaka, lakini haiendi vizuri: namna ya kutafuta tatizo kwenye pikipiki ya zamani

Swali ni lile lile, hubadilika maneno tu. Mtu amekaa miezi akiisuka upya injini ya pikipiki ya zamani: pistoni mpya, ringi mpya, vali zimesagwa, fremu imepigwa rangi mpaka unajiona uso. Anapiga kiki, inawaka, anapiga picha. Dakika kumi baadaye inamisi (inaruka milipuko), au haikai sailensa (mwendo wa chini, bila kuvuta mafuta), au inazima ikishapata moto na haitaki tena kuwaka. Anauliza: "Nifungue kabureta?"

Usifungue. Zamu yake bado. Kabureta husingiziwa kuliko kifaa kingine chochote kwenye pikipiki, kwa sababu iko wazi, ina skrubu mbili za kuchezea, na kila mtu ana rafiki anayejua "kuiseti". Ukizizungusha hizo skrubu kabla hujajua tatizo ni nini, umejiongezea tatizo la pili.

Injini iliyoundwa upya haiumwi uzee, inaumwa mikono. Kitu ulichokifungua na kukirudisha, au kipya ulichokifunga ukakiamini kwa kuwa kimetoka kwenye boksi, ndicho mshukiwa wa kwanza. Kipya maana yake hakijatumika tu. Uzima wake bado hujauona.

Ninayoyaandika hapa ni ya pikipiki za platini (vipande viwili vya chuma vinavyofunga na kufunguka ili cheche iruke) na kabureta, zile za miaka ya 1950 hadi 1970 na kitu, injini ya mipigo minne. Za mipigo miwili nimeziachia nafasi yake karibu na mwisho.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Kitabu cha ufundi cha modeli yako yenyewe, cha mwaka wake. Cha "inayofanana nayo" hakitoshi. Triumph ya 650 yenye silinda mbili hutaka tapeti (nafasi ndogo inayoachwa kwenye vali) 0.05 mm vali ya kuingiza na 0.10 mm ya kutoa. Honda CB750 ya kwanza hutaka 0.05 na 0.08. Tofauti ni wembamba wa unywele, na injini inaijua.
- Fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi hizo).
- Mita ya umeme, na balbu ndogo ya volti sawa na betri yako (6 au 12) iliyoungwa waya mbili.
- Geji ya kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda).
- Plagi mpya mbili za namba inayotakiwa. Plagi iliyokwisha kulowa petroli mara nyingi usiiamini tena hata ukiipiga brashi.
- Petroli mbichi, yaani ya juzi. Ile iliyokaa tangini muda wote ulipokuwa unapaka rangi, itoe.
- Chupa ya kunyunyizia, iwe na maji.
- Taa ya taimingi (ya kuonyesha cheche inaruka wakati gani) ukiweza kuipata.
- Daftari na kalamu.
- Kizima moto karibu na mkono. Utakuwa unachezea cheche na petroli mahali pamoja.

Na sharti ambalo watu hulikubali kwa mdomo kisha hulivunja baada ya nusu saa: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha plagi, kondensa (inayozuia moto usiruke kwenye platini) na jeti (kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta) kwa pamoja na pikipiki ikapona, hujui ulichotibu. Ikizidi kuumwa, ndiyo kabisa.

Hatua kwa hatua

1. Andika inachofanya, kabla ya kuandika unachodhani.

"Kabureta mbovu" ni dhana. "Inawaka kwa kiki ya pili, inakaa sailensa vizuri, nikivuta mafuta kufika nusu inakohoa, ikiwa na moto au baridi ni vilevile" ni maelezo. Andika: hutokea ikiwa baridi au ya moto? Mshiko wa mafuta ukiwa wapi? Ghafla kama mtu amezima swichi, au polepole kama mtu anayeishiwa pumzi? Kukata ghafla mara nyingi ni umeme. Kufifia polepole mara nyingi ni mafuta. Si amri, ila huokoa muda mwingi.

Kwa injini ya silinda mbili au zaidi, jua kwanza ipi inayougua. Iwashe ikiwa baridi, iache iungurume nusu dakika, kisha nyunyizia maji kidogo kila bomba la ekzosi karibu na hedi (kichwa cha injini). Bomba ambalo maji yanakauka kwa "tsss" linafanya kazi. Ambalo maji yanatiririka tu, hiyo ndiyo silinda yako.

2. Tazama ya wazi, hata kama unajiona mjuzi.

Koki imefunguliwa? Swichi ya kuzimia iko wapi? Mpira wa mafuta haujakunjika chini ya tangi? Kuna kitambaa ulichoziba nacho mlango wa hewa ili uchafu usiingie, ulikitoa? Usicheke. Vimepatikana.

Halafu athi. Huu ndio ugonjwa hasa wa pikipiki zilizotengenezwa zikapendeza. Injini, fremu na koili (inayokuza umeme uwe wa cheche) hutegemea chuma kugusana na chuma ili umeme urudi kwenye betri. Wewe umepaka rangi nene kila mahali, pamoja na pale bolti za injini na za koili zinapokaa. Rangi haipitishi umeme. Weka mita kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyofungwa athi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ukiona zaidi ya omu moja hivi, kwangua rangi chini ya bolti, au bora zaidi vuta waya mnene mpya kutoka betri hadi kwenye injini. Kumbuka pia kwamba pikipiki nyingi za Uingereza za wakati huo athi yake ni chanya. Aliyezoea hasi huzifunga kinyume, na rektifaya (inayonyoosha umeme wa kuchaji betri) hufa bila kuaga.

3. Tapeti, kisha kompresheni.

Pima tapeti injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha. Baada ya kuiunda upya, gasketi ya hedi hukaa na vali hujisaga kwenye viti vyake, na vyote viwili huila nafasi ya tapeti. Ulipoziseti mezani zilikuwa sawa. Baada ya joto la kwanza huenda hazina nafasi kabisa, na vali inabaki wazi kidogo. Kwa hiyo kaza nati za hedi tena kwa kipimo cha kitabu baada ya injini kupata moto na kupoa, kisha upime tapeti upya. Watu wengi huishia kwenye kukaza.

Kupima kompresheni: toa plagi zote, ziguse chuma zikiwa ndani ya kofia zake, mbali na matundu ya plagi. Hasa kama una magneto (inayojizalishia umeme wa cheche bila betri), usiache waya ikining'inia hewani. Cheche isiyo na pa kwenda hutafuta njia ndani ya koili na kuitoboa. Vuta mshiko wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Injini nyingi za namna hii zikiwa nzima huwa kati ya bari 7 na 10. Iliyofungwa ringi juzi itasoma chini kidogo mpaka zikae, kwa hiyo usikeshe na namba. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda.

Ikiwa chini sana, mimina kijiko kidogo cha oili ndani na upime tena. Ikipanda sana, ni ringi. Isipopanda, ni vali au gasketi. Kama tapeti ziko sawa na vali zinaziba, rudi kwenye alama za kemshafti (shafti inayofungua vali). Jino moja pembeni linatosha kuifanya injini iwake lakini isiwe na nguvu hata kidogo.

4. Cheche.

Hapa kaa. Mafundi wa zamani wana utani kwamba matatizo mengi ya kabureta yako kwenye platini, na utani huo umezeeka kwa sababu haujakoma kuwa kweli.

Toa plagi, ivae kofia yake, iegemeze kwenye hedi mbali na tundu, piga kiki mahali penye kivuli. Unataka cheche ya buluu, nono, inayotoa sauti ya kukatika. Ya njano nyembamba ni dhaifu: hewani itaonekana, ndani ya silinda yenye mgandamizo haitaruka.

Kama ni dhaifu au haipo, fuata njia hii:

a) *Platini.* Mpya hutoka kiwandani zikiwa na ute wa mafuta wa kuzikinga na kutu. Usipoufuta kwa kitambaa chenye kiyeyushi, umeme haupiti vizuri. Kisha angalia zile washa za plastiki au faiba zinazoshika waya ya platini na ya kondensa. Mpangilio wake ukikosewa, waya inagusa bamba, na platini zinakuwa kama zimefungwa siku zote. Nililipia kosa hili jioni nzima: washa moja, ndogo kuliko kifungo cha shati, niliiweka ndani badala ya nje. Kila kitu kilikuwa kipya, na hakuna cheche hata ya kuwashia kiberiti.

Jaribio lake ni jepesi. Funguo ikiwa imewashwa, weka mita ya volti kati ya waya ya platini na athi. Platini zikiwa wazi, usome volti karibu sawa na ya betri. Zikifunga, ishuke karibu na sifuri. Isiposhuka, platini ni chafu au bamba lake halina athi. Isipopanda kamwe, kuna mahali panagusana au umeme haufiki kwenye koili.

b) *Nafasi ya platini.* Nyingi huwa kati ya 0.30 na 0.40 mm zikiwa wazi kabisa. Kitabu ndicho kinachoamua.

c) *Kondensa.* Ukitazama platini injini ikiunguruma ukaona moto mkubwa wa buluu ukiruka baina yake, kondensa imekufa au haijafungwa sawa. Kacheche kadogo ni kawaida.

d) *Umeme unaofika kwenye koili.* Pima volti kwenye koili platini zikiwa zimefunga, kisha pima kwenye betri yenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, swichi ya funguo au viungio vya waya vinakula umeme. Ukitaka uhakika, vuta waya kutoka betri moja kwa moja hadi upande wa koili unaolishwa na funguo. Injini ikichangamka, umepata jibu. Usiiache hivyo injini ikiwa imezima, koili itaungua.

e) *Koili, waya na kofia.* Upande wa msingi wa koili ya volti 12 huwa omu 3 hadi 5 hivi, ya volti 6 omu 1 hadi 2. Kofia ya plagi yenye kizuizi huwa mara nyingi omu 5,000. Ikisoma haina mwisho, itupe. Waya za plagi zijaribu gizani: injini ikiunguruma, nyunyizia umande wa maji juu yake. Waya iliyochoka itang'aa, nyuzi za buluu zikitambaa kutoka kwenye waya kwenda kwenye mapezi ya silinda. Ukiliona hilo mara moja hutalisahau.

5. Taimingi.

Seti nafasi ya platini kwanza, taimingi baadaye. Ukifanya kinyume utarudia kazi, maana ukipanua nafasi, platini hufunguka mapema na taimingi inasogea mbele.

Kwa mfumo wa betri na koili: unga balbu kati ya waya ya platini na athi, washa funguo, zungusha injini polepole kwa mkono kwa upande inakozunguka. Balbu inawaka pale platini zinapofunguka. Wakati huo alama ya kulipua lazima iwe mkabala na alama ya kwenye kasha; kwenye Honda ni herufi F, wala si T ambayo ni ya pistoni kuwa juu kabisa. Wanaoanza huzichanganya mno. Kwa magneto, balbu haifai. Bana karatasi nyembamba ya sigara kati ya platini, ivute taratibu, itakapoachia ndipo zinapofunguka.

Injini ya mipigo minne huzunguka mara mbili kwa kila mlipuko mmoja. Magneto ukiifunga pistoni ikiwa juu lakini mwisho wa mpigo wa kutoa moshi, cheche itaruka wakati usio wake, na utapata milipuko kwenye ekzosi na kiki zisizo na matunda. Hakikisha vali zote mbili zimefunga na tapeti zina mchezo.

Usisahau vile vyuma viwili vyenye springi vinavyosogeza taimingi mbele mizunguko ikiongezeka. Vikikwama mbele, kiki itakurudishia mguu na sailensa itakuwa ya kubahatisha. Vikikwama nyuma, injini haina nguvu na mabomba ya ekzosi yanageuka rangi kwa joto. Vizungushe kwa mkono na uviachie: virudi vyenyewe, bila uvivu. Taa ya taimingi itakuonyesha hilo injini ikiwa inafanya kazi.

6. Je, petroli inafika?

Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, fungua koki. Mtiririko uwe imara kwa dakika nzima, kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. Ukianza vizuri kisha ukadhoofika, fungua kifuniko. Ukirudi nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Ukiwa mdogo tangu mwanzo, ni koki au chujio lake, na kama tangi limepakwa dawa ya kuzuia kutu ndani, tafuta magamba yake humo.

7. Hewa inayoingia bila kualikwa.

Ukiachia mafuta na injini inaendelea kupiga resi kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, shuku hewa inayopenya kati ya kabureta na hedi. Nyunyizia maji kwenye kiungo hicho injini ikiwa sailensa. Mlio ukibadilika, umepata. Wako wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa jaribio hili, karibu na ekzosi ya moto na waya za plagi. Maji yanatosha.

Sababu ya kawaida ni mtu aliyekaza nati za kabureta mpaka bamba lake likapinda. Kabureta za Amal zinajulikana kwa hilo. Weka rula juu ya bamba na uitazame dhidi ya mwanga.

8. Sasa kabureta.

Bandika kipande cha utepe kwenye mshiko wa mafuta na kingine kwenye nyumba yake, weka alama za robo, nusu, robo tatu na mwisho. Tatizo linapotokea, tazama alama.

Kutoka kufunga hadi moja ya nane: jeti ya sailensa na skrubu ya hewa. Kutoka hapo hadi robo: mkato wa slaidi (kizibo kinachopanda ukivuta mafuta). Kutoka robo hadi robo tatu: sindano na jeti yake, na hapa ndipo uchakavu wa miaka mingi hukaa. Zaidi ya hapo: jeti kuu. Inayokohoa kwenye nusu haiponi kwa kubadilishiwa jeti kuu, lakini jeti kuu ndiyo kila mtu hununua.

Skrubu ya sailensa: jua iko wapi. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, na ukiibana mchanganyiko unazidi mafuta. Ikiwa upande wa injini, kwa kawaida ni kinyume chake. Anza kwa kuibana polepole mpaka iguse, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Ukiizungusha na injini isibadilike hata kidogo, njia ya sailensa imeziba. Kwenye Amal Concentric, tundu lenyewe huwa na upana wa milimita 0.4 tu na limejificha ndani kabisa, nyuma ya skrubu hiyo. Kulizibua tumia hewa ya kompresa na uzi wa nailoni. Waya ya chuma kwenye jeti ni kuharibu: tundu likipanuka, namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo.

Boya la shaba (linaloelea kwenye petroli ya kabureta) litikise karibu na sikio. Ukisikia kioevu ndani, limetoboka. Lizamishe kwenye maji ya moto, mbali na jiko, povu litakuonyesha tundu.

Na vile vichujio vidogo vya koni vinavyofungwa badala ya boksi la hewa la asili: vinapendeza, lakini vinabadilisha hewa inayoingia, na injini iliyokuwa sawa inakosa mafuta. Kama huna subira ya kutafuta jeti upya, rudisha boksi.

9. Jaribu barabarani, kisha soma plagi.

Weka plagi mpya. Mahali pasipo na magari, shikilia mafuta kwenye alama unayoichunguza kwa muda, kisha bana klachi na uzime injini kwa pamoja, bila kuiacha ikae sailensa. Toa plagi. Kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi. Nyeusi inayong'aa na kuteleza ni oili. Nyeupe kama mfupa ni mafuta machache au taimingi mbaya, na usiendelee kuiendesha hivyo. Petroli ya siku hizi haiachi rangi nyingi, kwa hiyo plagi ni shahidi mmoja tu.

Ile inayozima ikipata moto

Hili linahitaji nafasi yake, maana ndilo linalowatesa wengi. Pikipiki inaenda kilomita kadhaa, inakufa, unakaa kando ya barabara dakika ishirini, inawaka kama hakuna kilichotokea.

Washukiwa ni watatu: kifuniko cha tangi kisichopumua, kondensa au koili inayokata ikiwa na joto, na tapeti zisizo na nafasi. Ukikaa kando kungoja ipoe, wote watatu wanakuwa wema tena na ushahidi umekwenda. Lazima ukague dakika hiyo hiyo inapozima. Kwanza, fungua kifuniko cha tangi ukisikilize: "fyuuu" ya hewa ikiingia ndilo jibu. Kama kimya, toa plagi uliyobeba mfukoni pamoja na spana yake, ivike kofia, tazama cheche. Hakuna cheche: kondensa au koili. Cheche ipo: sukuma kiki kwa mkono. Ikishuka laini bila ukinzani kama wa kawaida, vali zimebaki wazi.

Mimi nilibadilisha koili na kondensa kwenye injini ya silinda moja kabla ya kufanya hilo la kwanza, la bure. Gasketi mpya ya kifuniko, niliyoikata mwenyewe kwa mkasi, ilikuwa imefunika tundu.

Kwa mipigo miwili

Yaliyo juu ya cheche na petroli yanabaki. Linaloongezeka ni oili sili za kranki (mipira inayoziba ncha za shafti kuu ya injini), kwa kuwa kasha la kranki lenyewe ndilo pampu. Sili ya upande wa magneto ikivuja, injini inavuta hewa, inapiga resi yenyewe, na pistoni inaweza kuyeyuka. Ya upande wa klachi ikivuja, inavuta oili ya gia: moshi mzito, na kiwango cha oili ya gia kinashuka bila tone chini. Ziba mlango wa hewa na wa moshi, jaza hewa kwa shinikizo la bari 0.4, lisishuke kwa dakika kadhaa. Na taimingi ikikosewa vibaya, injini ya namna hii inaweza kuwaka ikizunguka kinyume, ukaweka gia ya kwanza na kurudi nyuma. Inachekesha kama hukusimama karibu na ukuta.

Dalili na pa kuanzia

- *Kiki inarudisha mguu:* taimingi imezidi mbele, au vile vyuma vya springi vimekwama.
- *Inakohoa kwenye kabureta ukivuta mafuta haraka:* mafuta machache, au hewa inayopenya kwenye manifoldi.
- *Milipuko kwenye ekzosi ukiachia mafuta:* kiungo cha ekzosi kinavuta hewa, au sailensa ina mafuta machache.
- *Sailensa inabadilika ukigeuza usukani:* kebo ya mafuta ni fupi au imebanwa. Dakika mbili za kazi.
- *Silinda mbili, moja inachelewa:* slaidi hazipandi pamoja. Ingiza vidole kwenye midomo ya kabureta zote mbili, vuta mafuta polepole, usikie kama zinanyanyuka kwa wakati mmoja.
- *Haina nguvu, mabomba yanabadilika rangi haraka:* taimingi iko nyuma.
- *Moshi mweusi:* mafuta mengi. Angalia choki kama inarudi, na boya.
- *Moshi wa buluu dakika za mwanzo baada ya kuundwa:* oili uliyopaka wakati wa kufunga. Usiifungue.
- *Moshi wa buluu kila inapowashwa baada ya kulala siku kadhaa, kisha unakoma:* kwenye pikipiki zenye tangi la oili la pembeni, oili hushuka yenyewe hadi kwenye kranki. Hapo usiongeze oili kwa kuona tangi limepungua. Iwashe kwanza, iache irudi tangini, ndipo upime.